Asiyemkinga Mjenzi na Vumbi Asimhubirie Sigara

Usipoziba ufa, walinena wahenga, utajenga ukuta. Methali hii tumeifunza darasani miaka nenda miaka rudi, tukaitungia insha na kuzisahihisha, lakini ni nadra tukamfikiria yule ambaye kujenga ukuta ndiko kunakompa riziki. Namkusudia mwashi, seremala wa paa, fundi wa vyuma, na yule ambaye hapa kwetu huitwa mtu wa mkono, abebaye karai la mchanga na saruji toka asubuhi hadi jua linapokaribia kutua. Hawa ndio wanaoziba nyufa za nyumba zetu. Leo nauliza ni nani azibaye ufa unaopanuka vifuani mwao, na azibe kwa njia gani.

Ufa ninaousema ni sigara. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 2.5 walikuwa wakitumia tumbaku ya namna moja au nyingine. Miongoni mwa wanaume kiwango kilikuwa asilimia 19.1, ilhali miongoni mwa wanawake kilikuwa asilimia 4.5. Nao ujenzi ni kazi ambayo hata leo wanaume ndio wengi. Nchini Marekani, ambako wavutaji huhesabiwa pia kwa kufuata kazi zao, wajenzi wamekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa makundi yanayovuta zaidi. Kwa hivyo yeyote atakaye kupunguza vifo vinavyoletwa na tumbaku, ambavyo kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani huzidi milioni 7 kila mwaka, hawezi kulipita jengo linalojengwa kama mpita njia.

Sisemi kwamba serikali imelala. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwaka 2008, ilipiga marufuku uvutaji mahali pa umma na pa kazi, ikaamuru maonyo yachapishwe kwenye pakiti kwa Kiswahili na Kiingereza, tena ikakataza sigara zisiuzwe moja moja. Mwaka 2016 picha za kuogofya zikaanza kuonekana katika pakiti hizo. Yote haya ni mema. Hata hivyo, ukiyatazama kwa jicho la isimu utaona kwamba yote ni ya hali moja, yaani makatazo na maonyo. Usivute. Usiuze. Jihadhari. Mvutaji aliyekwisha kuyakubali maneno hayo, akataka kuacha, akajaribu mara tatu na kushindwa mara tatu, haelezwi kesho aende wapi. Naam, msomaji, kumkataza mtu ni jambo moja na kumsaidia ni jambo jingine. Katika maeneo yetu ya ujenzi la kwanza tumelibandika ukutani, la pili tumelisahau.

Rai yangu ni hii. Msaada wa kuacha sigara haina budi umfuate mjenzi pale pale afanyapo kazi, katika saa za kazi na kwa lugha ya kazi. Aidha, msaada huo hautasikilizwa iwapo anayeutoa hajaanza kwa kumkinga mjenzi huyo na vumbi ambalo kazi yenyewe inamlisha kila siku.

Kwanza natutazame ni kwa nini mjenzi huvuta. Kazi yangu ya kufundisha isimu imenipa fursa ya kuandamana na wanafunzi wanaokusanya msamiati wa mafundi jijini Nairobi. Huenda tukitafuta majina ya zana, lakini mtu akiketi na mafundi wakati wa chai husikia mengi zaidi ya majina. Nilimuuliza fundi mmoja wa makamo ni kwa nini sigara zilikuwa zikiwashwa kwa wingi katikati ya asubuhi. Akanijibu: "Mwalimu, hapa ukisimama bure, nyapara anakuuliza umesimamia nini. Ukiwa na fegi mkononi, anajua utamaliza urudi kazini."

Jibu hilo fupi lina mafunzo mengi kuliko kijitabu cha kurasa ishirini. Mahali ambapo mapumziko mafupi hayatambuliwi, sigara imekuwa cheti cha ruhusa. Asiyevuta hana cha kuonyesha, hivyo huendelea kubeba karai. Zaidi ya hayo, nikotini hupunguza hamu ya chakula, na kwa kibarua ambaye mlo wake wa mchana hutegemea ujira wa jana, hilo si jambo dogo. Tena kuna kuombana moto na kugawana sigara, desturi ambayo kwayo mgeni hukaribishwa na kuonwa kuwa mwenzetu. Anayemwambia mtu huyu aache sigara bila kumpa mapumziko, bila kujali njaa yake na bila kumpa namna nyingine ya kuwa mwenzetu, anamwomba atoe vitu vitatu kwa mkupuo asipokee hata kimoja.

Kisha kuna mwili wenyewe. Mazoea yana taabu, na mazoea ya nikotini yana taabu maradufu kwa kuwa moshi ukivutwa nikotini huufikia ubongo kwa sekunde chache tu. Inapokosekana, mtu huwa mwepesi wa hasira, hukosa usingizi, na akili yake haitulii kwa jambo moja. Vijana wa Pwani wana neno arosto kwa hali ya mwili unaodai kilevi ulichokizoea. Dhiki hiyo huwa kali katika siku za mwanzo, kisha hulegea katika muda wa wiki chache. Sasa mfikirie fundi aliye juu ya jukwaa, ghorofa ya sita, katika siku yake ya pili bila sigara. Usalama wake na wa wenzake walio chini unategemea utulivu wa mikono yake. Kumwachia apigane peke yake ni hatari, na ndiyo sababu moja ya kusema kwamba jambo hili linamhusu mwajiri, wala si siri ya mvutaji na pakiti yake.

Sababu ya pili, nayo ndiyo nzito zaidi, ni vumbi. Mwaka 1979 watafiti Irving Selikoff na E. Cuyler Hammond, pamoja na mwenzao, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafundi wapatao 17,800 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakifunika mabomba na mitambo kwa vitu vya kuzuia joto vyenye asbesto. Waliwalinganisha na watu wasiovuta na wasiofanya kazi hiyo. Waligundua kwamba uwezekano wa kufa kwa kansa ya mapafu ulizidi takriban mara 5 kwa fundi wa asbesto asiyevuta. Kwa mvutaji asiyegusa asbesto ulizidi takriban mara 11. Kwa yule aliyekuwa na yote mawili, haukuwa 16 kama mtu angejumlisha. Ulizidi mara 50. Moshi na vumbi havijumlishwi kifuani mwa mjenzi, bali huzidishana.

Hapa kwetu, paa za asbesto zingalipo katika baadhi ya majengo ya zamani, zikiwemo shule, na wanaoitwa kuziondoa ni mafundi hawa hawa. Hata pasipo asbesto, kukata mawe, kutoboa zege na kusaga sakafu hutoa vumbi la silika, ambalo shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliorodhesha mwaka 1997 miongoni mwa vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Silika huharibu mapafu na kuyafanya yashambuliwe kwa urahisi na kifua kikuu. Sigara nayo huongeza hatari ya kifua kikuu. Katika nchi ambayo ugonjwa huu bado unawaua watu wengi, nani atasema kwamba vumbi ni la mwajiri na moshi ni wa mfanyakazi, kila mtu na lake?

Mfanyakazi si mjinga. Akiletewa kijitabu kinachomwonya juu ya mapafu yake, huku mashine ya kukatia mawe ikitimua vumbi jeupe bila tone la maji, atahitimisha kwamba mwenye kijitabu anakumbuka mapafu pale tu ambapo hayamgharimu kitu. Nyani haoni kundule. Jambo hili si dhana yangu tu. Mwaka 2002 Glorian Sorensen na wenzake walichapisha matokeo ya mpango uliofanywa katika viwanda 15 vya jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Katika baadhi ya viwanda wafanyakazi walipewa mafunzo ya afya peke yake. Katika vingine mafunzo hayo yaliambatana na juhudi za mwajiri za kupunguza hatari za kazini. Miongoni mwa wafanyakazi wa kulipwa kwa saa, walioacha sigara katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 5.9, na katika kundi la pili asilimia 11.8. Mafunzo yalikuwa ya aina moja, ila maneno yalipata uzito yalipotanguliwa na kitendo. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Ujenzi nao umejaribiwa. Katika jimbo hilo hilo kulifanywa mpango uliowalenga wanagenzi 1,213 wa fani za ujenzi katika vituo 10 vya mafunzo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Kwa miezi minne wanagenzi wa baadhi ya vituo walifundishwa kuhusu vumbi na kemikali za kazini pamoja na tumbaku, wakapewa ushauri katika vikundi na dawa za nikotini za kuwapunguzia kiu. Mwishoni mwa mpango, asilimia 26 ya wavutaji katika vituo hivyo walikuwa wameacha, ikilinganishwa na asilimia 16.8 katika vituo vingine. Lakini miezi sita baadaye tofauti hiyo ilikuwa karibu imetoweka: asilimia 9 kwa asilimia 7.2. Wako watakaosoma tarakimu hizo na kukata tamaa. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Msaada ulipokuwapo, watu waliacha. Ulipoondoka, wengi walirudia. Hakuna fundi amwagaye zege akang'oa mbao jioni ile ile, kisha akalaumu zege kwa kuporomoka.

Basi mpango unaofaa uweje? Kwanza uanze na vumbi: mawe na zege vikatwe kwa maji, wanaokata wapewe barakoa zinazozuia vumbi kwa kweli, na watu wote, wavutao na wasiovuta, wapewe mapumziko mafupi yanayotambuliwa. Mapumziko yakiwa haki ya kila mtu, sigara itapoteza kazi yake ya cheti. Pili, awepo mshauri aliyefunzwa, afike kila wiki wakati wa chai na kuzungumza na kikundi kidogo cha waliojitolea. Tatu, zipatikane dawa. Vibandiko na chingamu za nikotini viliingizwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2024 unapendekeza dawa na ushauri viende pamoja. Nne, anayerudia asiadhibiwe wala jina lake lisipelekwe kwa nyapara, maana wengi hawafaulu kwa jaribio la kwanza. Tano, ufuatiaji uendelee kwa simu ya mkononi baada ya jengo kwisha na mafundi kutawanyika.

Hapa naomba ruhusa ya kusema kidogo juu ya lugha, kwa kuwa ndiyo taaluma yangu. Mwaka 2014 Kate Cahill na Tim Lancaster walitathmini tafiti zaidi ya 50 kuhusu mipango ya kuacha sigara kazini. Waliona kwamba ushauri wa ana kwa ana, vikundi na dawa hufaa kazini kama vinavyofaa kwingineko, lakini vijitabu peke yake havifui dafu. Sishangai. Hata maonyo yetu ya pakiti, ya lugha mbili na yenye picha, hayamfikii mtu anayenunua sigara moja kibandani, akaiwasha kwa kiberiti kilichofungwa kwa uzi, wala asiione pakiti. Sheria inakataza biashara hiyo, lakini sote tunajua kwamba ingali inaendelea. Onyo lililoandikwa mahali asipotazama mtu ni sawa na kunong'ona sokoni.

Msaada, kwa hivyo, uwe wa mdomo, na mdomo huo useme kama wanavyosema wenyewe. Mshauri asije na Kiswahili cha vitabuni cha mtu kama mimi, wala asijibaraguze kwa Sheng asiyoijua. Asikilize kwanza. Ajue ya kuwa fegi ni sigara, na ya kuwa mtu huweza kucheka sana anaposema jambo linalomuuma. Ajiepushe na majina ya kuchoma kama teja, kwani anayeitwa jina huanza kulitetea. Na badala ya kuuliza "Kwa nini huachi?", swali ambalo halina jibu ila la aibu, aulize "Siku ulipojaribu kuacha, ni saa ngapi ilikuwa ngumu zaidi?" Swali la kwanza ni la hakimu. La pili ni la mwenzako, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanzia.

Najua yapo mapingamizi. Mwanakandarasi atasema kwamba kibarua yuko leo na kesho hayuko, basi amsaidie wa nini? Namkumbusha kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikubagua wa siku moja na wa miaka kumi. Inamtaka mwenye mahali pa kazi alinde afya ya wote walio kazini mwake, na palipo na wafanyakazi 20 au zaidi iundwe kamati ya usalama na afya. Kamati hiyo ndiyo mlango wa kuingilia.

Atasema tena kwamba hana fedha. Sheria ya tumbaku iliunda mfuko maalumu, na kuwasaidia watu kuacha tumbaku ni mojawapo ya shughuli zake. Kanuni za mwaka 2014 zikawataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakataa rufaa ya kampuni ya sigara iliyopinga kanuni hizo. Ni haki kuuliza ni kiasi gani cha mfuko huo kinachofika chini ya jukwaa la mwashi.

Wa tatu atasema kwamba fundi ni mtu mzima na mapafu ni yake. Nakubali, na ndiyo maana nimesema mpango uwe wa hiari. Lakini mtu huchagua kwa uhuru pale tu anapokuwa na njia mbili mbele yake. Mjenzi wetu ana moja. Sigara inamfikia kazini kwa shilingi chache kila saa. Msaada wa kuacha uko hospitalini, upande wa pili wa mji, katika siku ambayo asipofanya kazi hali.

Tunakuja kwetu sisi walimu na wanafunzi. Udongo uwahi ungali maji. Wanaosomea uashi, useremala na uwekaji mabomba wamo katika vyuo vyetu vya kiufundi sasa hivi, na wengi wao bado hawajavuta hata sigara moja kwa ajili ya kupata mapumziko. Somo la usalama kazini wanalofundishwa lina nafasi ya kutosha kwa saa mbili za vumbi na moshi kwa pamoja, si kama mahubiri ya maadili bali kama ujuzi wa fundi, sawa na kujua namna ya kufunga jukwaa. Mwanafunzi wa Kiswahili naye ana kazi hapa: akusanye maneno ambayo wajenzi hutumia kuelezea kiu, uchovu na kifua kinachobana, ili mshauri atakayekuja asije bubu.

Faida yenyewe si ya kusubiriwa kizazi kizima. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya maradhi ya moyo huwa takriban nusu ya ile ya mvutaji, na baada ya miaka kumi hatari ya kansa ya mapafu nayo hushuka hadi karibu nusu. Fundi wa miaka 30 anayeacha leo ana miaka mingi ya kuinua kuta.

Nyingi za shule zetu zina jengo linalojengwa: darasa, maabara au bweni. Hapo bodi ya shule ndiyo mwenye kazi, nayo ndiyo itiayo sahihi mkataba. Tunajua kudai katika mkataba huo nondo za unene fulani na saruji ya kiwango fulani. Tuongeze masharti matatu: mawe yakatwe kwa maji, wafanyakazi wapumzike dakika kumi asubuhi na kumi alasiri, na mshauri wa afya aruhusiwe kuingia kila wiki wakati wa chai. Masharti haya hayaongezi ghorofa wala hayapunguzi dirisha. Mkuu wa shule anayesoma makala haya anaweza kuyapeleka katika mkutano ujao wa bodi, kabla ya jiwe la kwanza kukatwa.